Draiva ya Kadi ya Zamani

SWALI: Nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye kadi ya grafiki GeForce 210. Nilipoweka Windows 10 upya, maandishi yakawa makubwa na video zinakatakata. Draiva mpya (programu ya kuiendesha kadi) niliyopakua inasema haioni kadi inayofaa. Je, kadi imekufa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kama waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi yenyewe na picha unaiona, kuna uwezekano mkubwa kadi haijafa. Draiva za sasa haziitambui tena. Kwa kadi za GeForce 8, 9, 100, 200 na 300, watengenezaji wake NVIDIA waliishia toleo 342.01 la Desemba 2016. Usimalize bando kwa matoleo mapya zaidi ya hilo.

Kwanza hakikisha kadi ni hiyo kweli, maana stika za mtumba hudanganya. Fungua Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), kisha Display adapters. Bofya mara mbili jina lililopo, ingia Details, chagua Hardware Ids. Utakuta kitu kama PCI\VEN_10DE&DEV_0A65. 10DE ni NVIDIA (AMD ni 1002, Intel ni 8086), na 0A65 ndiyo GeForce 210.

Pakua kutoka tovuti ya NVIDIA wenyewe. Zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mpigo tunakusihi uziepuke. Nyingi huja na matangazo na uchafu mwingine. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64, kwa sababu faili la moja haliingii kwenye nyingine.

Kabla ya kuweka, zima intaneti, la sivyo Windows Update inaweza kupachika draiva yake katikati ya kazi. Ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), safisha mabaki ya draiva ya zamani kwa DDU (Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva), washa upya, ndipo uweke 342.01. Kisakinishi kikigoma, usikifute: faili zimeshafunguliwa ndani ya C:\NVIDIA\DisplayDriver. Rudi Device Manager, chagua Update driver, kisha uielekeze kwenye folda ya Display.Driver.

Ukiona Code 43 (Windows imeisimamisha kadi kwa sababu imeripoti hitilafu) baada ya hapo, zima, chomoa umeme, toa kadi, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli na uirudishe mpaka ikae sawasawa. Code 43 ikibaki hata baada ya hayo, hapo chipu yenyewe ndiyo ya kushukiwa.

Kuhusu YouTube: video zake nyingi ni za VP9 (mtindo wa kubana video), ambayo kadi hii haiwezi kuifungua, hivyo mzigo wote huangukia prosesa. Kama prosesa ni dhaifu, tazama kwa 480p au 720p.