Nilidhani nimeichoka baiskeli, kumbe naogopa

Kwa miezi 14 baiskeli yangu ya milimani ilining'inia ukutani, na kila nilipopita mbele yake nilikuwa na sababu mpya. Leo matairi hayana upepo. Leo mvua imenyesha, vijia vitakuwa utelezi mtupu. Leo mgongo hauko sawa. Rafiki ambaye nimeendesha naye tangu tukiwa na miaka thelathini na kitu alinipigia kila Ijumaa jioni: "Kaka, kesho alfajiri?" Nami nikamjibu, "Kesho siwezi kaka, kazi zimenibana." Aliendelea kupiga kwa miezi kadhaa, kisha simu zikapungua, halafu zikakoma. Zilipokoma nilijihisi nimetua mzigo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nilikuwa na miaka 46. Maelezo niliyojipa yalikuwa mepesi: umri umefika. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi, nami nikaupokea msemo huo kama mtu anayesomewa hukumu. Nikaamua kuiuza.

Siku ya kuiandaa kwa ajili ya mnunuzi ndiyo iliyonifumbua macho. Nilifuta vumbi la mwaka mzima, nikaitia cheni mafuta, nikajaza matairi upepo, kisha nikatoka nayo kwenye barabara ya vumbi iliyo tambarare ili kuhakikisha gia zote zinaingia. Nilikusudia dakika 10. Nilirudi baada ya saa moja na nusu, fulana imelowa jasho, mapaja yanatetemeka, na moyoni nina furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa muda mrefu. Nikakaa chini kando yake nikajiuliza: kama nimeichoka, hii ni nini?

Nikaurudia mzunguko ule kichwani, hatua kwa hatua. Kuna mahali nilipita penye mdomo wa kijia kinachoshuka msituni, kijia nilichokuwa nimekishuka mara zisizohesabika. Nilipofika pale vidole vyangu viliminya breki vyenyewe na mikono ikageuza usukani kabla sijafikiri lolote. Kukanyaga pedali sikuwa nimekuchoka hata kidogo. Nilichokuwa nakikimbia ni mteremko.

Na mteremko nilikuwa na haki ya kuukimbia. Miezi michache kabla ya kuitundika baiskeli nilianguka penye mawe, tena kwa mwendo wa polepole. Gurudumu la mbele lilinasa kwenye ufa, mimi nikapita juu ya usukani, nikatanguliza kiganja kujikinga. Kuna kimfupa kidogo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambacho huvunjika kwa namna hiyohiyo ya kuangukia kiganja. Damu hukifikia kwa shida, ndiyo maana hupona taratibu sana. Nilikaa na plasta wiki 10. Mfupa ulipounga kila mtu alinipongeza, mimi mwenyewe nikaamini habari imekwisha, na hakuna aliyeniuliza kama kichwani nako kumeunga.

Nayaandika haya kwa sababu nimezungumza na wenzangu wengi wa rika langu walioacha, na karibu wote wanatumia neno lilelile: "Sina hamu tena." Ningependa kila mmoja wao, kabla hajauza chochote, aichunguze kwanza hiyo hamu iliyokosekana. Uchovu wa mwili una dalili zake: hata njia tambarare inaonekana nzito, usingizi ni mbovu, na ukipumzika wiki mbili hamu hurudi yenyewe. Kukinai ni kitu kingine: unakwenda, unarudi, hujafurahi wala hujachukia, na dawa yake ni kubadili njia au watu unaoandamana nao. Hofu ni janja kuliko zote mbili. Inakuacha uipende baiskeli, uzungumze habari zake, hata ununue vipuri, lakini usiku wa kuamkia safari inakuletea kazi za nyumbani zisizokwisha. Ukiona kwamba unapenda kila kitu isipokuwa sehemu moja tu, na kwamba sababu zako huzaliwa jioni kabla ya safari, basi umeshapata jibu.

Nilipokubali kuwa naogopa, nilijaribu kwanza njia ya ujana: kujikaza. Haikufaa. Nilishuka mteremko uleule nimekaza mabega na meno, nikafika chini salama, na wiki iliyofuata hofu ilikuwa kubwa zaidi. Kilichonisaidia ni kuichukulia hofu kama fundi anavyochukulia mlio wa ajabu kwenye baiskeli. Mlio una chanzo. Unafungua kitu kimoja baada ya kingine mpaka ukipate.

Chanzo cha kwanza kilinishangaza: kilikuwa machoni. Karibu wakati uleule wa kuanguka nilikuwa nimeanza kuvaa miwani ya lenzi zenye nguvu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea. Mezani inanifaa sana. Lakini juu ya baiskeli, ukitupa jicho chini mita tatu au nne mbele ya gurudumu, unaitazama ardhi kupitia sehemu ya kusomea, na mawe yote yanakuwa ukungu. Kumbe nilikuwa nikishuka milima bila kuona sawasawa mahali ninapokanyaga, halafu najilaumu kwa kukosa ujasiri! Nilimweleza mtaalamu wa macho jambo hilo waziwazi, nikatengenezewa miwani ya pili ya kuonea mbali peke yake, lenzi nyeupe. Kusoma ramani kwenye simu sasa lazima niivue, lakini ardhi nimerudishiwa.

Katika umri huu kuna pia suala la mwanga. Mboni ya jicho haifunguki tena kwa upana wa zamani, na jicho linachelewa kuzoea kiza. Kijana akitoka juani kuingia chini ya miti mikubwa anaona karibu papo hapo. Wewe na mimi tunapitisha sekunde kadhaa tukiwa nusu vipofu, na baiskeli inayoshuka inakula mita nyingi ndani ya sekunde hizo. Siku hizi nafika kwenye ukingo wa msitu nimeshapunguza mwendo, na miwani ya giza nimeiacha nyumbani kabisa. Ukichukua jambo moja tu katika makala hii, chukua hili la macho. Sijawahi kusikia mtu akiliongea njiani, na naamini limewashusha wengi baiskelini.

Chanzo cha pili kilikuwa breki, au tuseme mkono wangu kwenye breki. Mkono uliokaa kwenye plasta ulipoteza nguvu, na vishikio vya breki vilikuwa mbali na usukani, nikawa natumia vidole vitatu kuvifikia. Kidole kimoja kinatosha kabisa kwa breki za siku hizi. Vingine vinatakiwa kushika usukani. Nilisogeza vishikio karibu kwa kuzungusha skrubu ndogo iliyopo palepale, kazi ya dakika tano, na maumivu ya mikono yaliyokuwa yakinifika hadi kwenye viwiko yakapungua sana.

Kuna pia namna ya kuzitumia. Kwenye mteremko uzito wote unakwenda mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha kweli, na aliyewahi kupita juu ya usukani ndiye anayeiogopa kuliko yote. Nami niliikimbia. Nilikuwa navuta ya nyuma peke yake, gurudumu linajifunga, linaburuzika, na baiskeli inayoburuzika haitii usukani. Nilijifundisha upya kwenye uwanja wa nyasi: kiti chini, visigino chini, makalio nyuma kidogo, kuvuta ya mbele polepole na kuiongezea kama mtu anayekamua, kisha kuiachia kabla ya kona badala ya kuing'ang'ania ndani ya kona. Mchezo huu wenyewe ulizaliwa kwenye taabu ya breki. Mwaka 1976, karibu na Fairfax katika jimbo la California, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu na nzito zenye breki za kukanyaga kinyumenyume. Breki zilipata moto hadi girisi ikaungua na kufuka moshi, ikawabidi kujaza girisi upya baada ya kushuka, na mteremko ule ukapata jina la Repack kutokana na kazi hiyo. Nikiwafikiria wale, na breki nilizonazo mimi leo zinazosimamisha kwa kidole kimoja, naona aibu kuzitumia nusu.

Cha tatu ni upepo. Nilikuwa bado najaza matairi kama nilivyofundishwa zamani, paundi 40 na zaidi, wakati matairi ya sasa ni mapana na hayana tyubu ndani. Nilishuka hadi paundi 24 mbele na 26 nyuma. Tairi likaacha kudundadunda juu ya mawe, likaanza kuyakumbatia. Wewe utapata kipimo chako kulingana na uzito wako na tairi lako. Shusha paundi mbili mbili, uendeshe, usikilize. Rimu ikigonga jiwe, umezidisha.

Baada ya hayo hofu ilibaki, ila ilikuwa imepungua hadi kimo ninachoweza kuzungumza nacho. Nilitafuta mteremko mmoja mfupi, kama urefu wa mita 50, wenye mizizi miwili na jiwe moja. Niliushuka kwa miguu kwanza. Nikaupanda, nikaushuka kwa baiskeli, nikausukuma tena juu, nikaushuka. Mara 10, kisha nyumbani. Siku tatu baadaye, tena mara 10. Kanuni niliyojiwekea ilikuwa kuondoka wakati bado nataka kushuka mara moja zaidi, na nimeishika kuliko kanuni yoyote niliyowahi kujiwekea, maana hamu inajengwa na kumbukumbu ya mwisho uliyoondoka nayo. Ukimaliza ukiwa umechoka na umeponea chupuchupu, ndicho kitu mwili utakachokumbuka Ijumaa ijayo jioni.

Wiki ya sita nilijikuta naupita mzizi wa pili huku nikitazama mbele, kwenye kona, badala ya kuutazama mzizi wenyewe. Baiskeli huenda liliko jicho. Nilikuwa nalijua hilo kwa miaka mingi, hofu ilikuwa imeninyang'anya.

Kuhusu mwili sina mengi, kwa kuwa yanasemwa kila mahali. Nguvu za misuli hupungua kuanzia miaka ya thelathini na kitu, na misuli ya kasi ndiyo hutangulia, kwa hiyo nanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, hasa miguu, mgongo na kushika. Kati ya safari ngumu na nyingine naacha siku mbili kamili, wakati zamani ilitosha kulala usiku mmoja. Na ukisikia kifua kinabana ukipandisha mlima, usijipe moyo. Nenda hospitali mara moja.

Jambo moja zaidi lililonigharimu ni programu ya simu iliyokuwa ikinipima. Kila nikimaliza kijia ilinionyesha muda wangu wa leo na muda wangu bora, na huo bora ulikuwa wa miaka tisa iliyopita. Nilikuwa nashindana na mtu mwenye miaka 37 aliyelala usingizi mzuri na hajawahi kuvunjika mkono. Niliifuta. Sisemi kila mtu aifute, wapo inaowapa nguvu, lakini ukiona unamaliza safari nzuri halafu uso unakunjamana kwa kutazama tarakimu, jaribu mwezi mmoja bila hiyo.

Wala sisemi kwamba umri wa kati ni wa kuendesha kwa upole tu. Sabine Spitz wa Ujerumani alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mwaka 2008 katika baiskeli za milimani akiwa na miaka 36, na mwaka 2012 akachukua fedha akiwa na miaka 40. Yeye ni bingwa na mimi si bingwa. Ila nilipojua hilo niliacha kuutumia mwaka wangu wa kuzaliwa kama kisingizio cha breki nilizokuwa nazishika vibaya.

Rafiki yangu nilimpigia mwenyewe. Nilimwambia ukweli, kwamba kazi hazikunibana hata siku moja, nilikuwa naogopa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi ile sehemu ya mawe siipiti tangu ulipoanguka. Nashuka, naisukuma." Miezi yote ile kila mmoja wetu alikuwa anaibeba hofu ileile peke yake.

Sasa tunakwenda pamoja Jumamosi. Ile sehemu ya mawe bado hatujaipita tukiwa juu ya baiskeli. Juma lililopita tuliziegemeza kwenye mti, tukasimama upande wa juu wa mawe yale kwa muda mrefu, tukaonyeshana njia kwa vidole. Upande wa kushoto wa ufa kuna jiwe bapa, pana kama meza, linalopokea gurudumu vizuri, na baada yake kuna udongo mkavu wa kutosha kufunga breki. Siku ile nilianguka kwa kupita kulia. Tumekubaliana Jumamosi ijayo tuje mapema, jua likiwa limeshapanda juu ya miti, na yeye atasimama pale chini kwenye udongo mkavu nikitangulia mimi.