Sifuri za mbele zinapotea nikifungua CSV

Swali: Nikifungua faili la CSV (data ya maandishi matupu iliyotenganishwa kwa alama ya mkato) la wanachama kwenye Excel, namba 004518 inakuwa 4518, namba ya akaunti yenye tarakimu 16 inaishia na 0, na baadhi ya tarehe zimegeuka. Nimebadilisha safu ziwe "Text", lakini hakuna kilichorudi. Nifanyeje?

Jibu: Hakitarudi. Ukibofya faili mara mbili, Excel hukisia aina ya data papo hapo, kabla hujagusa kitu. Kinachofanana na namba hugeuzwa namba, na namba hutunzwa kwa tarakimu 15 tu: 6001002003004567 inakuwa 6001002003004560. "Text" ya baadaye inapewa kilichokwisha kukatwa. Funga bila kuhifadhi. Ukihifadhi juu ya CSV ileile, umeharibu na nakala ya asili.

Fungua Excel tupu, nenda "Data", kisha "From Text/CSV". Kwenye dirisha la hakikisho, penye "Data Type Detection", chagua "Do not detect data types", halafu "Transform Data". Ukiacha ilivyo, inatazama mistari 200 ya kwanza tu. Namba ya mwanachama yenye herufi ikijitokeza mstari wa 350, utaambulia "Error".

Sasa mtego wenyewe. Mara nyingi vichwa vya safu vitakuwa vimeshuka hadi mstari wa kwanza wa data. Ukibonyeza "Use First Row as Headers", hatua ya "Changed Type" hujiongeza kimyakimya kwenye orodha ya "Applied Steps" upande wa kulia, na sifuri zinaondoka tena. Ifute kwa alama ya X iliyo kando yake.

Kisha panga aina kwa mkono. Usichokusudia kukijumlisha, kama namba ya simu, ya akaunti au ya uanachama, kiache kiwe maandishi. Kiasi cha fedha ndicho kiwe namba.

Tarehe ni kesi nyingine. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani husoma 03/04/2024 kuwa Machi 4, lakini 25/04/2024 huiacha kama maandishi, maana hakuna mwezi wa 25. Ndiyo sababu zimegeuka baadhi tu. Zilizoshindikana utaziona zimeegemea kushoto mwa seli. Bofya kulia kichwa cha safu, "Change Type", "Using Locale", uchague "Date" na Kiingereza cha Uingereza, kinachotanguliza siku kabla ya mwezi.

Malizia kwa "Close & Load" na uhifadhi kama xlsx (faili la kawaida la Excel), kwa sababu CSV haibebi aina ya data.