MASWALI YENU: Vifaa vimejaa chini gereji, nianze na kabati?

SWALI: Fundi habari. Gereji yangu ya nyumbani ni ndogo, gari likiingia inabaki kama mita moja kila upande, na vifaa vyote viko kwenye maboksi chini, nikitaka spana namba 13 namwaga boksi zima. Nataka nijitengenezee kabati la plaiwudi, msumeno wa umeme na drili ninavyo. Ukuta ni wa tofali. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kabati liache kwanza. Kwenye mita moja mlango ukifunguka unagonga gari, na kitu ukishakifungia ndani hukioni, ni yaleyale ya boksi. Tumia ukuta.

Ila kabla hujakata hata mbao moja, weka ndoo tupu hapo, kila kifaa ulichotumia kirudishe kwenye ndoo, wiki mbili hivi. Vya kwenye ndoo ndo vinastahili kukaa kati ya kiuno na macho, vingine juu, vizito kama jeki viache chini kabisa.

Sasa ukuta. Chukua plaiwudi ya milimita 18, kata kipande cha upana wa sentimita 15, halafu kipasue katikati kwa urefu msumeno ukiwa umelazwa nyuzi 45. Unapata mbao mbili zenye mshazari. Moja ifunge ukutani, mshazari juu, ncha yake kali ikae mbele ili ibaki kama mfereji kati yake na ukuta, nyingine igeuze ifunge nyuma ya kibao cha nyundo au kijirafu cha bisibisi, unakipachika tu na uzito wenyewe ndo unakibana. Mi napenda hii kuliko kitu chochote kwa sababu mwezi ujao ukinunua grenda unasogeza vibao, hutoboi ukuta tena.

Kwenye skrubu hapo usifanye haraka, nakuomba. Mi niliwahi kufunga rafu ikashika plasta tu, usiku ikashuka na kila kitu. Piga hesabu kwa milimita: mbao 18, plasta tuseme 15, fisha (ile plastiki ya kwenye tundu inayoshika skrubu) 40, jumla 73, kwa hiyo skrubu ya 50 haifiki popote, chukua ya 80 na tundu lipite plasta liingie kwenye tofali lenyewe. Tumia pima maji, maana ubao ule wa kwanza wa ukutani ukipinda na vibao vyote vitapinda.

Kutu nayo: ukuta wa nje huwa unatoa unyevu, kwa hiyo patasi na misumeno visigusane nao, vipanguse na kitambaa chenye oili kidogo. Petroli na tina ya kuchanganyia rangi usiziweke karibu na grenda wala chaja, cheche moja inatosha.

Spana zipange kwa namba kwenye kibao chenye misumari, chora umbo la kila moja kwa maka. Ile 13 ikikosekana utaona nafasi yake wazi kabla hujafunga gereji.