Je, mshahara wa Navy unatosha maisha ya Mombasa?

Dada, umeuliza kama mdogo wako akiingia Navy, jeshi la wanamaji la Kenya, atapata maisha mazuri kwa kuwa kambi ya Mtongwe iko karibu na nyumbani. Kwanza usihesabu huo ukaribu. Kuruti huanza mafunzo Eldoret, na baadaye anaweza kupelekwa Manda, Lamu, mama akabaki kumsikia kwenye simu.

Mshahara wa mwanzo si wa kutajirisha, ila hauchelewi, na hapa mjini hilo lina uzito wake. Muulize kibarua wa bandarini. Akipata nyumba kambini amesalimika na kodi. Asipopata, chumba cha kupanga Likoni kinakula marupurupu ya nyumba kabla hajanunua hata unga. Tena kuna PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, bima ya afya asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5. Na mkopo wa sako, chama cha akiba na mikopo! Huo ndio unaowamaliza wengi, wanakopa gari mapema mno.

Zile hadithi za pesa wanazopata askari wanaopelekwa kulinda amani Somalia ni za kweli nusu. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoa dola 1,028 kwa askari kwa mwezi, serikali ikakata kama 200. Mwaka 2016 Ulaya ikapunguza mchango kwa asilimia 20. Hiyo si ya kupangia maisha, na roho iko rehani.

Na mtu akiwaomba "kitu kidogo" ili apate barua ya kuitwa, mkimbieni. Usajili ni bure.