Noti Kuukuu za Benki za Marekani: Angalia Benki Kwanza

Usiioshe. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo lililonigharimu. Noti yangu ya kwanza niliinunua kwenye mnada wa vyombo vya marehemu mmoja hapa Ohio: dola 10 ya mwaka 1929, muhuri wa kahawia, jina la benki na mji wake limechapwa kushoto mwa picha. Ilikuwa chafu na ina mikunjo. Nikaiosha kwa sabuni, nikaipiga pasi. Mzee anayeuza noti za kale aliishika mara moja tu akajua: karatasi imelegea, wino umepauka. Nusu ya thamani ilikuwa imeondoka na yale maji.

Noti hizi zilitolewa na benki binafsi zenye leseni ya serikali kuu, kati ya mwaka 1863 na 1935. Benki iliweka Hazina hati fungani za serikali kama dhamana, kisha ikapewa noti zenye jina lake. Zaidi ya benki 12,000 zilifanya hivyo, na kila moja ilikuwa na namba yake ya leseni. Namba 1 ilikwenda Philadelphia.

Hapo ndipo wanaoanza hupotea: wanatazama tarakimu ya dola. Mimi nasema tazama mji. Dola 5 ya benki ya kijiji iliyofungwa mapema yaweza kuishinda bei dola 50 ya benki kubwa ya Chicago, kwa kuwa za kijijini zimebaki chache mno. Wakusanyaji wameorodhesha zilizosalia, benki kwa benki. Uliza idadi kabla ya kutoa pesa. Na chagua eneo moja, wilaya yako kwa mfano, ulijue vizuri.

Kwenye noti za kabla ya 1929, ambazo zilikuwa kubwa kwa umbo, chunguza saini za rais na keshia wa benki kwa lenzi. Nyingi zilitiwa kwa kalamu, na wino wake hufifia. Wapo wanaopitisha kalamu upya juu yake, na hilo ni doa lisilofutika. Hifadhi noti kwenye mifuko isiyo na PVC (aina ya plastiki), mbali na jua.

Ninayoitafuta sasa ni ya benki iliyokuwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Jengo lipo, siku hizi ni kinyozi. Zinazojulikana ni nne. Nimeona moja, nyuma ya kioo, na saini ya keshia bado inasomeka.