Jibu: Nywila ya herufi 8 itadumu muda gani?

Ndugu yangu wa Ngamiani, umeuliza nywila ya herufi 8 ndogo kwenye kompyuta ya duka itavunjwa kwa muda gani. Kibodi ina herufi 26, hivyo zidisha 26 kwa 26 hadi ziwe 26 nane (26 kwa kipeo cha 8): unapata michanganyiko kama bilioni 208. Mwizi akishaiba faili la nywila zilizofichwa kwa MD5 (njia ya zamani ya kuficha nywila, inayokokotolewa haraka sana), mashine inayojaribu bilioni 10 kwa sekunde inaimaliza yote ndani ya sekunde 21. Herufi 12? Siku kama 110.

Lakini hapo nazungumzia herufi zilizookotwa ovyo kabisa. Ukiweka “raskazone” (jina la mtaa wa Tanga) au “tanga2024” hesabu haina kazi, maana wezi wanaanza na orodha za majina na miaka. Tafadhali ibadilishe leoleo: maneno sita yasiyohusiana, uyachague kwa kurusha dadu kutoka kwenye orodha ya maneno yenye namba.