Seva ndiyo mwamuzi: maswali yenu kuhusu gemu za mtandaoni

Niko Kasulu, nina miezi miwili na Godot, programu ya kutengenezea gemu. Nataka gemu ya vita ya watu 100. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, anza na bao. Mashimo 32, kete 64, watu wawili, kila mtu na zamu yake. Simu itume ujumbe mmoja tu: shimo gani, upande gani. Seva, yaani kompyuta ya katikati inayoongea na simu zote, isambaze kete, kisha iwarudishie wote wawili hali ya bao.

Juzi nilikaa na kijana mmoja hapa Mwanga, Kigoma, simu mbili mezani. Moja inaonyesha shimo la nyumba lina kete 9, nyingine 11, maana kila simu ilikuwa inajihesabia. Tulipoikabidhi seva hesabu yote, ugomvi ukaisha. Hilo likikushinda kwa watu wawili, kwa 100 utalia.

TCP au UDP?

Swali hili haliishi, na waulizaji hawataji gemu! Ni njia mbili za kutuma data mtandaoni: TCP huhakikisha kila kitu kinafika kwa mpangilio, UDP hutuma bila kusubiri. Bao, drafti, karata: TCP. Mbio na mapigano: UDP. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ikipotea, TCP huzuia zinazofuata mpaka ile iliyopotea itumwe tena, na kwenye mapigano habari ya adui alikokuwa nusu sekunde iliyopita haina kazi.

Nyumbani kwenye waifai tunacheza vizuri. Rafiki yangu wa Tabora anaandika anwani ya simu yangu, 192.168.1.5, haingii.

Anwani hiyo ni ya ndani ya nyumba yako. Kodi seva yenye anwani ya umma, nyote mpige hodi huko. Kutegemea simu yako iwe seva kwa data ya mtandao wa simu ni kujitesa: mara nyingi wateja wengi mnatumia anwani moja ya nje, na wa nje hana njia ya kukufikia.

Itakula bando?

Piga hesabu. Pakiti 20 kwa sekunde, kila moja baiti 100, ni MB 7.2 kwa saa, kutuma peke yake. Mnunuzi wa bando la siku ataziona.

Wachezaji wananiletea pointi za uongo. Nifiche msimbo (code) wa gemu?

Usipoteze muda. Programu iko kwenye simu yake, ataifungua tu. Simu iseme "nimefyatua". Kama risasi imempata mtu, aseme seva. Pointi zisitoke kwenye simu kabisa, hata moja.

Na jamani, acheni kujaribu gemu kwa kompyuta inayoongea na yenyewe. Chukua simu, washa data jioni watu wote wakiwa mtandaoni, tembea kutoka Mwanga hadi Kibirizi huku unacheza. Inapokatika, andika.